Filamu za milima Nakuru: jioni tatu za muuza viatu

Tiketi nilizipata kwa deni la viatu. Mteja wangu mmoja, mwalimu, alikuwa na deni la shilingi 800 tangu Machi. Badala ya kulipa, akaniletea tiketi mbili za maonyesho ya filamu za milima, jioni tatu mfululizo, kila tiketi shilingi 1,200, akasema, "Mama Viatu, hapo umepata faida." Nikamwambia faida ya macho hainunui unga. Lakini Ijumaa saa kumi na moja na nusu nilifunga kibanda mapema, nikampigia simu shemeji yangu, tukaenda.

Shemeji huyu ni mume wa dada yangu, mtu wa Kapsokwony. Siku hizi ni soja wa usiku kwenye nyumba moja huku Milimani, na ilibidi abadilishane zamu na mwenzake ndipo aje. Nilimchagua yeye kwa sababu ujana wake aliumalizia Mlima Elgon, akiwabebea wageni mizigo. Nilidhani atafurahi. Kama alifurahi au hakufurahi, hadi leo sijui niseme vipi.

Ukumbi wenyewe ni wa kukodishwa kwa harusi na mikutano ya chama, na sitautaja kwa sababu nina maneno nao. Viti vya plastiki, vyeupe, vile vya matangani. Skrini ilikuwa kitambaa kikubwa kilichovutwa vizuri bila kunyanzi, hapo sina ubishi. Picha safi, spika mbili za kutosha. Tatizo ni paa: mabati matupu, hakuna dari, na ilikuwa Julai. Nyuma yetu waliketi vijana waliotoka Kisumu na fulana zao za mikono mifupi. Kufika saa mbili, mmoja wao akauliza kama na baridi nayo imejumuishwa kwenye tiketi.

Nje kulikuwa na mama anauza chai ya maziwa kikombe shilingi 30, na mandazi ya moto kweli. Ndani waliuza bisi kwa 150. Mnajua tulinunua wapi.

Sasa, kabla sijafika kwenye filamu, niwaambie jicho langu lilisomea wapi. Nauza viatu vya mitumba karibu na Top Market, mwaka wa kumi na nne huu. Robota likifunguliwa, vya kwanza kuchaguliwa vinaitwa kamera: kiatu safi, soli nzima, pengine kilivaliwa arusi moja tu huko Ulaya. Vya mwisho, vinavyobaki chini baada ya kila mtu kuchagua, vinaitwa fagia. Kwa hiyo jioni zile tatu, kila mwenye kipaza sauti akisema "kamera", mimi nilikuwa nacheka peke yangu.

Miaka mitano hivi iliyopita vijana walianza kuja kuniuliza viatu vya mlima. Wanakwenda Menengai Jumapili asubuhi, wanakwenda Longonot, wanakwenda Hell's Gate na baiskeli. Nikalazimika kujifunza. Ukipindua kiatu ukaona kibandiko cha njano chenye pembe nane katikati ya soli, hicho ni Vibram, na kwangu hakishuki chini ya elfu mbili na nusu hata ulie. Yule mwalimu ndiye aliyenisimulia kisa chake. Kulikuwa na Mwitaliano, Vitale Bramani, mpanda milima, ambaye mwaka wa 1935 wenzake sita walikufa mlima Punta Rasica wakiwa na viatu visivyofaa baridi ile. Akaenda akahangaika hadi akapata soli ya mpira yenye meno, ikatoka 1937, na jina lake akalikatakata likawa Vibram. Tangu aniambie, nikiwa nasugua kile cha njano kwa kitambaa huwa nawakumbuka wale sita. Ndiyo maana filamu ya mlima mimi naitazama kuanzia chini. Uso wa mtu nitafika tu.

Ijumaa ilikuwa ya Free Solo. Wengi wenu mmeiona. Ilitoka 2018 na mwaka uliofuata ikapewa Oscar. Walioitengeneza ni Elizabeth Chai Vasarhelyi na Jimmy Chin. Alex Honnold anapanda El Capitan, jabali la Yosemite huko California, mita 900 hivi, bila kamba. Chukua KICC nane, lile ghorofa refu la Nairobi, zipandanishe moja juu ya nyingine, bado hujafika juu. Alimaliza kwa saa 3 na dakika 56, tarehe 3 Juni 2017.

Viatu alivyovaa ni La Sportiva, aina ya TC Pro. Herufi TC ni za Tommy Caldwell, mpandaji mwingine, na Caldwell huyo huyo yumo ndani ya filamu, anafanya mazoezi na Honnold, na uso wake muda wote ni wa mtu ambaye angeomba asiambiwe siri hii. Hebu fikiria rafiki yako anakwenda mahali ambapo akiteleza amekwisha, na kiatu alichovaa kina jina lako. Hilo filamu haikulisema. Mimi ndilo nililokaa nalo.

Chini kabisa ya njia ile kuna mahali panaitwa Freeblast. Ni mwamba laini kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu. Hakuna pa kushika, mkono hauna kazi. Unaweka ncha ya kiatu, unakandamiza, unauamini mpira, unahamisha uzito. Ni hapo alipoumia kifundo cha mguu kwenye mazoezi mwaka wa 2016, na ni hapo hapo, alipojaribu kwa mara ya kwanza bila kamba, alipogeuka akasema leo hapana. Watu ukumbini walishusha pumzi, wengine nadhani kwa kuvunjika moyo. Mimi nilimwelewa sana. Nimeona wateja wangapi wakivaa kiatu kizuri, wanakanyaga mara mbili pale kwenye kadibodi yangu, wanakivua na kukirudisha bila kutaja sababu? Mguu una habari zake.

Siku yenyewe ilipofika, mpiga picha mmoja, Mikey Schaefer, yuko chini na lenzi ndefu, na kila panapokuwa pabaya anageuza uso. Ametumwa kutazama na hawezi kutazama. Shemeji naye alikuwa ameinama, anaangalia viatu vyake. Honnold akafika ile sehemu wanayoiita Boulder Problem, ambapo inabidi arushe mguu upande wa pili kama mtu wa karate. Mguu ukainuka.

Stima ikapotea.

Ukumbi mzima giza, na mtu mmoja akapaza sauti, "Ameanguka!" Tukacheka kicheko kile cha watu walioshikwa na woga. Jenereta ilikuwepo ila mwenye ufunguo wa chumba chake hakuwepo, na kwa dakika kumi na moja Honnold akabaki ananing'inia Nakuru. Shemeji akaninong'oneza gizani:

"Shemeji, huyu alishapanda akamaliza, au?"

"Alimaliza zamani. 2017."

"Basi mbona mimi natoka jasho?"

Filamu ile ni kamera, sina shaka. Kuna waliolalamika kwamba imekaa sana na mambo ya yule mpenzi wake, Sanni, na kuhamia nyumba. Mimi naona bila zile sehemu za nyumbani usingejua kinachoweza kupotea. Nililolikosa ni dogo: baada ya kufika juu, sikuona mtu akivua viatu. Viatu vile vya kukwea hubana vidole mpaka vikunjike. Baada ya saa nne, kuvivua lazima kuwe raha kuliko kilele.

Jumamosi walituonyesha Sherpa, ya Jennifer Peedom, Mwaustralia, ya mwaka wa 2015. Hii ndiyo iliyonileta hapa kuandika.

Peedom alikwenda Everest mwaka wa 2014 kumfuata Phurba Tashi, Msherpa, yaani mtu wa kabila la milimani Nepal, aliyekuwa ameshafika kileleni mara 21 na sasa anajiandaa kwa ya 22, ambayo ingempa rekodi peke yake. Mke wake hataki. Watu wa nyumbani kwake hawataki. Yeye ana kazi, na kiongozi wa msafara, Russell Brice, anamtegemea. Filamu inaanza pole pole hivyo, na wewe unadhani unajua itakokwenda. Halafu, tarehe 18 Aprili, kipande cha barafu kinaporomoka kwenye Khumbu, mteremko wa barafu yenye nyufa, na kuua wanaume 16, wote wa Nepal, wote kazini.

Na hapo ndipo mvua ya Nakuru ikaamua kunyesha. Sitii chumvi. Barafu inaanguka kwenye skrini, na juu ya vichwa vyetu mabati yanapigwa kama ngoma, mpaka spika zikawa hazisikiki kabisa. Ilibidi tusome maandishi ya chini, ambayo yalikuwa madogo kama maandishi ya dawa. Waliokaa nyuma walisimama. Kwa dakika kadhaa tulikuwa tunaona midomo ikienda, helikopta ikishusha watu waliofungwa kwenye kamba, na sauti pekee ilikuwa mvua. Nitawalaumu waandaaji kwa lile paa, lakini nikisema mvua iliharibu sehemu hiyo nitakuwa nadanganya.

Miguu sasa. Masherpa wanapita Khumbu usiku na alfajiri, barafu ikiwa bado imeshikana, wanavuka nyufa juu ya ngazi za alumini zilizounganishwa kwa kamba, na viatu vyao vina vyuma vya meno chini. Chuma juu ya chuma. Mteja hupita hapo mara chache, yeye mbeba mizigo hupita tena na tena, maana mahema hayaruki, mitungi ya oksijeni hairuki, na chakula hakiruki. Kambini, asubuhi, wanawapelekea wateja chai hemani. Shemeji alikuwa na mkono kwenye mfuko wa njugu. Alipoona ile chai, mkono ukabaki humo.

Baada ya msiba, Masherpa wanasema hawapandi tena mwaka huo. Wateja wamelipa pesa nyingi na hawaelewi. Mmoja anamuuliza Brice kama hawezi kwenda kuongea na wenye hao Masherpa. Wenyewe, kama vile mtu anauliza ng'ombe hawa ni wa boma gani. Ukumbini ulipita mguno ambao sijausikia tangu mazishi fulani ambapo mwanasiasa alishika kipaza sauti. Serikali yao nayo ikatangaza kuzipa familia rupia 40,000, dola 400 hivi, za kuanzia mazishi. Nilipiga hesabu pale pale, maana hesabu hiyo naiweza: jozi moja mpya ya viatu vya kupandia Everest hupita dola 1,000. Basi mtu mzima amethaminiwa chini ya kiatu kimoja cha mteja wake, na sisemi jozi.

Wakati wa mapumziko tulisimama mlangoni tukinywa chai, mvua bado inachuruzika. Shemeji ndiye aliyeanza kusema.

"Sisi tulikuwa tunavaa akala. Za tairi. Barafu hakuna Elgon, lakini asubuhi pale juu nyasi zina umande ulioganda, unakata vidole. Mgeni mmoja, Mwingereza sijui Mjerumani, nilimbebea kutoka geti la Chorlim mpaka Koitobos. Kufika juu akatoa kamera. Akaniambia nisogee. Nikasogea. Akaangalia tena, akasema na kivuli pia."

Nikamuuliza alifanya nini.

"Nilisogeza kivuli," akasema, akamrudishia mama wa chai kikombe.

Koitobos, kilele kimoja cha Elgon, ni mita 4,222. Nilidhani nimemjua huyu mtu miaka ishirini.

Kulikuwa na majadiliano baadaye, na aliyeyaendesha alipenda sauti yake kupita kiasi, lakini alileta mambo ya kwetu, na hilo nilishukuru. Alimtaja James Kagambi, aliyefika kilele cha Everest Mei 2022 akiwa na miaka 62, pamoja na Full Circle, kundi la wapandaji weusi. Akamtaja Kisoi Munyao aliyepandisha bendera yetu Mlima Kenya Desemba 1963. Akafika kwa Cheruiyot Kirui, Mkenya mwenzetu aliyekwenda Everest, na ukumbi ukanyamaza, kwa sababu mwaka wa 2024 sote tulikuwa kwenye simu zetu tukisubiri habari. Kirui alijaribu kupanda bila mtungi wa oksijeni, na mwili wake ukaonekana karibu kabisa na kilele. Nawang Sherpa, aliyekuwa naye, alitoweka.

Shemeji, ambaye kanisani kwenyewe haombi kwa sauti, akainua mkono. Akauliza: "Huyo Nawang, kwao alikuwa na watoto?" Mwendeshaji akasema hilo ni swali zuri sana, akapokea swali lingine.

Sherpa si filamu safi kama Free Solo. Inarukaruka, muziki wake wakati mwingine unakukandamiza ulie kabla hujawa tayari, na Phurba mwenyewe ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo Brice anajaza nafasi zaidi ya inavyostahili. Kwa vigezo vya sokoni, ina mikwaruzo. Lakini ningekuwa na pesa ya kuona filamu moja tu katika zile tatu, ningelipia hii, na ningekaa chini ya mabati yale yale.

Jumapili nilikwenda nimechoka. Walionyesha Touching the Void, ya Kevin Macdonald, ya 2003. Joe Simpson na Simon Yates, mwaka wa 1985, Siula Grande huko Peru, mita zaidi ya 6,300. Wanashuka, Joe anavunjika mguu, Simon anamteremsha kwa kamba hatua kwa hatua katika dhoruba, mpaka Joe ananing'inia hewani na Simon mwenyewe anaburutwa polepole kuelekea chini. Anakata kamba. Joe anaangukia ufa wa barafu, anatoka humo, na kwa siku kadhaa anajiburuta kwenye mawe hadi kambini. Wenyewe wawili wanasimulia wakiwa wameketi kwenye viti, na waigizaji wanaonyesha. Sipendi sana filamu zenye kuigiza yaliyotokea, huwa naona rangi kwenye damu, lakini hii ilinishika. Nusu ya ukumbi ilimhukumu Simon, nusu ikamtetea, na wawili nyuma yangu walikaribia kutengana kama si Mungu.

Kitu ambacho hakuna mji mwingine duniani ungekipokea hivi: Joe anasimulia kwamba akiwa anakufa kwa kiu, kichwani mwake kulikuwa na wimbo wa Boney M unaozunguka bila kukoma, na hata hakuwapenda. Boney M! Wale wale wa Desemba, wa kila duka la nguo Nakuru kuanzia wiki ya mwisho ya Novemba. Safu nzima ya akina mama mbele yangu ikaanza kuuimba. Mtu anajiburuta kwa viwiko, na Nakuru inampigia makofi ya mdundo. Nilicheka nikatokwa na machozi, kisha nikaona vibaya, kisha nikacheka tena.

Halafu likaja kosa kubwa la waandaaji. Filamu fupi za vijana wa hapa kwetu waliziweka mwisho kabisa, saa tatu na robo usiku ya Jumapili, wakati watu wa Lanet na Kiamunyi wanakimbilia stejini kabla nauli haijapanda. Tulibaki watu thelathini labda. Kama mnaleta filamu za California na Nepal ili watu wa hapa waanze kutengeneza za kwao, basi mnawaweka saa moja jioni, ukumbi ukiwa umejaa, na Joe Simpson ndiye anayengoja. Yeye ameshazoea kungoja.

Zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa tangazo la hoteli lililovaa kofia ya filamu. Ya pili ilikuwa ya baiskeli Menengai, droni juu, droni chini, muziki kama wa klabu, hakuna mtu aliyesema neno. Fagia, na nasema kwa upendo. Ya tatu ilikuwa ya dakika kumi na mbili, imepigwa kwa simu, vijana wanne wanazunguka ukingo wa kreta ya Longonot.

Aliyeshika simu alikuwa amechoka, nadhani, kwa sababu mkono wake ulishuka na kwa muda mrefu skrini ilijaa miguu tu. Mimi nikakaa wima. Lile vumbi la Longonot, lile la jivu, linalofunika kiatu mpaka rangi zote zinakuwa moja. Raba mbili, akala moja, na buti moja ya kijivu ya kupanda mlima. Buti hiyo, kamba ya kushoto nyekundu, ya kulia ya chungwa.

Nikamshika shemeji mkono. "Hicho kiatu ni changu."

Nilikiuza Mei, 1,800, na kamba zilikuwa za rangi mbili kwa sababu zinazofanana zilikuwa zimeniishia. Kilikuwa kamera ya kamera. Ngozi haina mkunjo, soli haina mchubuko, kama kilichotoka dukani asubuhi. Na nilijua kitakachotokea kama dakika moja kabla hakijatokea, kwa sababu kisigino kilianza kuacha unga. Si vumbi. Unga mweupe, kama wa mandazi.

Niwaeleze, iwafae mkija kununua, hata kwangu. Katikati ya soli ya buti nyingi kuna sponji ya poliyurethani, na sponji hiyo huliwa na unyevu wa hewa miaka ikipita. Kinachoilinda kidogo ni kutembea. Kiatu kilichokaa kabatini miaka kumi bila kuvaliwa kinaweza kuwa kibovu ndani kuliko kilichozunguka dunia. Kwa macho ni kipya. Unakivaa, unapanda, uzito unakandamiza, na sponji inavunjika kama keki kavu. Nilikuwa nimeambiwa hivyo na fundi wangu, nikadhani anatafuta kazi ya kubandika.

Walipokaribia kilele, mita 2,776, soli ya kulia ikaachama kama mdomo wa mamba. Kijana akasimama. Akaitazama. Akainua uso kwenye simu akasema, "Mama Viatu ameniweza."

Watu thelathini walicheka kama mia tatu. Shemeji alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. Mimi niliteleza kwenye plastiki ile mpaka mabega yakafika pa kukalia.

Lakini filamu haikuishia hapo, na ndipo ilipoanza kuwa nzuri. Kijana akafungua kamba ya chungwa akafungia soli. Ikakatika. Wakajaribu mfuko wa mkate, ukapasuka. Wa akala akavua akala yake moja bila kuambiwa, akampa, akavaa ile buti bila soli, na wakaendelea hivyo kuuzunguka ukingo, kila baada ya kipande wanakaa chini na kubadilishana, mwingine anatoa raba, mwingine anachukua akala, miguu minane na viatu saba vizima. Hakuna aliyesema neno la maana. Walibishana kuhusu kachumbari. Kilele chenyewe walikipita na simu haikuelekezwa huko hata mara moja. Walipofika getini, picha ya mwisho ni zile jozi zote zimepangwa kwenye ukuta, hazilingani hata moja, na mgambo anaziangalia.

Nimeona watu wa Oscar, nimeona Peru na Nepal. Filamu niliyokwenda nayo nyumbani ni hiyo.

Nilimngoja yule kijana wa buti mlangoni. Aliponiona nusura arudi ndani.

"Shikamoo, Mathe."

"Marahaba. Kesho upite, nikurudishie elfu moja mia nane yako."

"Aa, Mathe, tafadhali. Ile soli isingetoka tungekuwa na nini? Watu wanne wanatembea."

Tukabishana hapo kwenye baridi, mimi nataka kulipa, yeye hataki kulipwa, jambo ambalo sokoni halijawahi kunitokea. Tukakubaliana achague jozi nyingine, na safari hii nibonyeze mimi mwenyewe mbele yake.

Jumatatu nikabonyeza zote. Unaweka ukucha wa kidole gumba kwenye ile sponji pembeni, unakandamiza kwa nguvu, ikirudi, nzuri, ikibaki na shimo au ikitoa unga, weka kando. Buti arobaini na mbili, jozi saba zilivunjika mkononi, tatu kati yake zikiwa na kile kibandiko cha njano. Hizo tatu ziliniuma.

Shemeji alipita asubuhi akitoka zamu, bado amevaa koti la kazi. Akaziokota zile za fagia moja moja, akapindua, akavuta ngozi, akanusa. Akatenga jozi moja, nambari 43. Nikamwambia hiyo haina chini. Akasema anajua, anampelekea fundi aitie soli ya tairi, maana Desemba atakuwa Kapsokwony wiki mbili na anataka kupanda mpaka Koitobos, safari hii bila mzigo wa mtu. Nimemwambia aniletee nizione kwanza, na kamba nitampa mimi, za rangi moja.